Nimetoa redio ya kiwandani kwenye pikapu nikaweka mpya, mbona besi imepotea?

#1 ChumaChakavu
Wakuu habari zenu. Nina pikapu ya mwaka 1989, dizeli, kebini moja. Ilikuwa na redio yake iliyotoka nayo kiwandani, ile ya kaseti ya vitufe vya kubonyeza, na vispika viwili vya inchi 4 juu ya dashibodi vinaangalia kioo cha mbele. Redio ikaanza kumeza kanda na stesheni inashika kwa kubembelezwa, nikaona isiwe tabu, nikanunua redio mpya ya Bluetooth na flashi, boksi limeandikwa wati 50 mara 4, pamoja na spika mbili za inchi 6 na nusu tukatoboa milangoni. Nyaya za spika ni zilezile za zamani, fundi kaziunga tu zifike mlangoni.

Sasa mambo matatu. La kwanza besi, ile redio ya zamani na vispika vyake vya karatasi ilikuwa na sauti nzito imejaa kebini nzima, hii mpya inapiga kelele nyembamba tu, ukiongeza ndo inazidi kuchoma masikio. La pili nikifika sauti ya 25 kwenda juu inakata sekunde kadhaa halafu inarudi yenyewe. La tatu kuna mluzi unapanda na kushuka kadri ninavyokanyaga mafuta. Jirani yangu anasema redio za zamani zilikuwa na nguvu kuliko za sasa, za sasa ni mataa tu. Hivi ni kweli au ananipanga?

#2 DogoLaSabufa
Weka sabufa mkuu, mengine yote ni maelezo.

#3 MzeeKaseti
Jirani yako ana hoja ila kakosea jina. Sio nguvu, ni namna zile redio zilivyotengenezwa. Sikio la binadamu sauti ikiwa ndogo linapoteza besi kuliko linavyopoteza sauti za kati, sasa redio nyingi za kaseti zilikuwa na saketi ya kufidia hilo, ukiwa chini inanyanyua besi, ukiongeza inajipunguza taratibu. Nyingine zilikuwa na kitufe kimeandikwa LOUD, nyingine halikuwepo kitufe lakini saketi ipo ndani imefungwa moja kwa moja. Na kiwandani walikuwa wanajua spika gani itakaa wapi kwenye gari gani, wakapika sauti kwa ajili ya kebini hiyohiyo. Redio yako mpya haijui kama ipo kwenye pikapu au kwenye basi. Ingia kwenye menyu utafute LOUD uiwashe halafu uje utuambie.

#4 Fundi_Waya
Nimecheka hapo kwenye wati 50 mara 4. Chomoa redio uangalie fyuzi ya nyuma. Kama ni ya ampea 10, zidisha kwa volti 14.4 ambazo altaneta inatoa injini ikiwaka, unapata wati 144 zinazoingia, na humo kuna taa za kioo, Bluetooth, kuchaji flashi na joto linalopotea bure. Sasa hizo 200 za kutoka zinatoka wapi? Uongo mtupu, na ndo maana inakuchoma masikio, imeishiwa pumzi ikiwa bado iko katikati.

#5 NusuVolti
Fundi sio uongo mtupu, wanapima kitu kingine. Chukua 14.4 zidisha kwa 14.4 gawa kwa omu 4 za spika, unapata 51 na ushee. Ndo hiyo 50 ya kwenye boksi, yaani wimbi limebamizwa juu na chini mpaka limekuwa la mraba, hakuna anayesikiliza muziki hivyo kwa hiari yake. Wimbi la kawaida lisilokatwa ni nusu ya hapo, kama 26, ukitoa hasara za ndani unabaki na 18 mpaka 22 kwa kila spika. Na hoja ya fyuzi ina walakini, muziki haukai kileleni muda wote na fyuzi ya ampea 10 haikatiki sekunde ile ile imepita 10.

Sasa turudi kwa jirani. Redio nyingi za enzi hizo zilikuwa zinasukuma spika kutoka upande mmoja tu, upande wa pili ni erthi. Hapo spika inaona nusu ya volti na kwa hiyo robo ya nguvu, wati 5 au 6 ukiwa na bahati. Kwa hiyo kwenye nguvu jirani kapotea, hii mpya inaizidi ile mara tatu au nne. Ila msishangilie, mara nne ni desibeli 6 tu, na ili sikio liseme sauti imekuwa maradufu unahitaji kama desibeli 10.

#6 Kidizeli
#5 umeshika penyewe halafu ukapita. Hiyo "upande wa pili ni erthi" ndo ugonjwa wa mtoa mada, jambo lake la pili.

Mkuu ChumaChakavu, magari mengi ya zamani hasi za spika ziliunganishwa pamoja, nyingine zimefungwa moja kwa moja kwenye bodi. Ile redio ya kaseti haikuwa na shida na hilo kwa sababu hasi yake ilikuwa erthi kweli. Redio za sasa hakuna waya wa spika ambao ni erthi, zote mbili, chanya na hasi, zimekaa kwenye kama volti 6 au 7 na zote zinacheza. Ukigusisha hasi kwenye bodi, au ukaunganisha hasi ya kushoto na ya kulia, chipu ya ndani inapata moto na kujikinga, inakata, ikipoa inarudi. Ukiwa na bahati. Ukikosa bahati haikati, inaungua.

Kipimo chake ni rahisi. Chomoa plagi ya redio, weka mita kwenye omu, ncha moja kwenye chuma cha bodi, ncha nyingine gusa nyaya za spika moja baada ya nyingine. Zote zisisome kitu. Ikisoma hata moja usiirudishe redio.

#7 Mpitanjia
Naweka kambi hapa, yangu ina tabia hiyohiyo.

#8 TairiBovu
Wakuu mnamzungusha mwenzenu na mahesabu. Mtoa mada fuata rangi tu: njano ni umeme wa kudumu, nyekundu ni wa swichi, nyeusi ni erthi, bluu ni antena. Nyeupe spika ya kushoto mbele, kijivu kulia mbele, kijani kushoto nyuma, zambarau kulia nyuma, yenye mstari mweusi ndo hasi. Nyeusi ya redio kwa nyeusi ya gari, nyekundu kwa nyekundu, umemaliza. Sijui watu mnapenda ugumu wa nini.

#9 Soketi
@TairiBovu hizo rangi ni za upande wa redio mpya, hapo sawa kabisa. Ila sentensi yako ya mwisho itaunguzia watu redio. Upande wa gari kila kampuni ilikuwa na rangi zake. Mfano plagi za Toyota za zamani, ile ya pini 10 na ya pini 6: umeme wa kudumu ni bluu yenye mstari wa njano, wa swichi ni kijivu, erthi ni kahawia. Nyeusi kule ni chanya ya spika ya nyuma kushoto, na nyekundu ni ya spika ya nyuma kulia! Sasa mtu akifanya nyeusi kwa nyeusi nyekundu kwa nyekundu kama ulivyosema, redio haiwaki kabisa na atakwambia mpya imekufa. Na hata kama rangi unazijua kichwani bado pima, gari la 1989 limeshapita mikononi mwa watu wangapi mpaka leo.

#10 TairiBovu
Yangu nilifunga hivyo na inapiga.

#11 Soketi
Yako gari gani?

#12 BintiFyuzi
Tukiwasubiri hao wamalizane. ChumaChakavu kwenye besi mimi nasema spika moja imefungwa kinyume. Yaani moja chanya na hasi zimepishana, koni ya kushoto ikienda mbele ya kulia inarudi nyuma, zinapigana hewani na kinachokufa kwanza ni besi, sauti nyembamba zinabaki na mwimbaji anakuwa kama yuko kila mahali na hayupo popote. Kupima hakuhitaji mita: chukua betri ndogo ya volti 1.5, ya saa ya ukutani, chomoa nyaya za spika kwenye redio, gusisha kwa sekunde moja tu na angalia koni. Chanya ya betri ikiwa kwenye chanya ya spika, koni inaruka nje. Fanya zote mbili. Au njia ya uvivu, peleka balansi yote kushoto, sikiliza, kisha irudishe katikati. Spika moja peke yake ikiwa na besi kuliko mbili, jibu unalo.

#13 ChumaChakavu
Asanteni wakuu nawasoma wote. LOUD ipo kwenye menyu, nimewasha, inaongeza kidogo ila inakuwa kama mtu anaongea ndani ya pipa. Fyuzi ya nyuma ni ampea 10 kweli.

Nimefanya kipimo cha #6. Kushoto hakuna kitu, nyaya zote mbili mita kimya. Kulia zote mbili zinasoma, moja karibu na sifuri na nyingine kama omu 4. Hiyo maana yake nini? Nyaya ziko mbilimbili kila spika, sio zile za waya mmoja.

Balansi sijaelewa vizuri, nimepeleka kushoto, ni kama besi inaongezeka kidogo au ni masikio yananidanganya.

#14 Kidizeli
Maana yake hasi ya kulia inagusa bodi mahali fulani, na hiyo omu 4 ni spika yenyewe unaisoma kupitia upande wa pili. Kesi imekwisha, tafuta inapogusa.

#15 NusuVolti
Haijaisha. Inayosoma sifuri ni ile fundi wako aliyoiita hasi? Kama ni ile aliyoiita chanya basi na BintiFyuzi ana kesi yake.

#16 Soketi
Angalia kwenye bawaba ya mlango kwanza. Waya wa zamani umeongezewa urefu na sasa unapita sehemu inayojikunja kila ukifungua mlango, kama haukupita ndani ya bomba la mpira unajisaga kwenye ukingo wa bati. Na usiunge waya katikati ya bawaba, kiungo kiwe ndani ya kebini au ndani ya mlango, sio hapo.

#17 DogoLaSabufa
Bado hamjaweka sabufa tu?

#18 Mpitanjia
Naomba kuchomekea swali. Pikapu yangu ina betri mbili na redio niliyoweka iliwaka mara moja ikanuka. Je ni hayo mambo ya erthi?

#19 Kidizeli
@Mpitanjia hapana, wewe ni kesi nyingine. Betri mbili zina njia mbili za kufungwa. Chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, unabaki na volti 12 ila uwezo unaongezeka. Chanya ya moja kwa hasi ya nyingine, unapata 24, na magari ya dizeli ya zamani yako ya hivyo, kuna Land Cruiser za soko la Japani zilikuwa 24. Redio ya 12 ukiipa 24 inanuka kama ulivyosema. Unahitaji kishusha volti kutoka 24 kwenda 12, chenye ampea zinazotosha redio yako, ya fyuzi 10 usiipe cha ampea 3.

Na wasikudanganye uvute umeme kwenye betri moja tu kati ya mbili. Itawaka vizuri kabisa, ila betri moja inanyonywa na nyingine haiguswi, altaneta inazichaji kwa pamoja kama ziko sawa, moja inabaki na njaa na nyingine inazidishiwa. Mwishoni unanunua zote.

#20 Mpitanjia
Shukrani, kesho napima.

#21 MzeeKaseti
Mimi narudi kwenye mada, kwa nini hamsemi kitu kuhusu spika zenyewe? Vile vispika vya karatasi vya zamani vilikuwa vyepesi, wati 5 zinavitosha. Hizi mpya nyingi koni nzito ya plastiki na mpira mnene pembeni, zinataka kusukumwa. Angalia karatasi ya spika, kuna namba ya desibeli kwa wati moja kwenye mita moja. Spika ya 92 na spika ya 86 zinatofautiana desibeli 6, maana yake ile ya 86 inataka nguvu mara nne ili ilingane. Kwa hesabu za NusuVolti mwenyewe, faida yote ya redio mpya imeishia hapo. Ndo maana jirani anasikia zamani kulikuwa na nguvu. Hajakosea masikio, kakosea sababu.

#22 NusuVolti
Hii nimeikubali kwa shingo upande. Ila inaeleza sauti kuwa ndogo kwa jumla, haielezi besi peke yake kupotea. Koni nzito ya inchi 6 na nusu inatakiwa ishuke chini zaidi ya kikaratasi cha inchi 4. Kama haishuki kuna kitu kinaizuia.

#23 Kabatini
Kinachoizuia ni mlango, nashangaa mpaka post ya 23 hakuna aliyeutaja. Spika inatoa sauti mbele na nyuma, ya nyuma ni kinyume cha ya mbele, zikikutana zinalana na besi ndo inaanza kufa. Kule juu ya dashibodi vile vispika vilikuwa vimekaa kwenye bati zima na kioo cha mbele kinarudisha sauti kwako. Mlango wa pikapu ya zamani ukitoa ile kadibodi unakuta mashimo makubwa ya mkono kupita, nyuma ya spika na mbele ya spika ni chumba kimoja. Mbaya zaidi wengi wanafunga spika kwenye kadibodi yenyewe, sasa kadibodi ndo inacheza badala ya koni.

Dawa: spika ikae kwenye pete ya mbao ngumu au plastiki iliyoshikwa kwa skrubu kwenye bati, sio kwenye kadibodi. Yale mashimo ya bati la ndani yafunikwe, kuna shiti za lami zenye foili zinabandikwa, na bati la nje lile jembamba ulipige kwa ngumi, likilia kama debe libandike na lenyewe kidogo. Ila usizibe vitundu vya chini kabisa vya mlango, maji ya mvua yanapita kwenye kioo na kutokea hapo, ukiziba unafuga kutu. Na karatasi ya nailoni iliyokuwa nyuma ya kadibodi irudishwe, spika mpya zinakufa kwa maji kuliko kwa sauti.

Nilifanya kwangu mlango mmoja kwanza ili nisikie tofauti. Redio ileile spika zilezile, nikawa nahamisha balansi kushoto kulia, mtu hahitaji kuambiwa.

#24 TairiBovu
Kwa hiyo mtu aweke lami kwenye gari ili asikilize taarifa ya habari. Haya.

#25 BintiFyuzi
@TairiBovu bado hujamjibu Soketi gari gani 😂

#26 ChumaChakavu
Mrejesho wakuu. Nimefungua kulia, bawaba iko sawa, tatizo lilikuwa pale fundi alipounga, chini ya dashibodi upande wa miguu, tepu imelainika kwa joto imeteleza na waya uko wazi umelalia bati. Na ndiyo NusuVolti, ulikuwa ule alioufanya chanya. Nimevuta waya mpya moja kwa moja kutoka redio mpaka spika pande zote mbili, nimepima hakuna kinachosoma, na nimejaribu na betri ya saa, koni zote mbili sasa zinaruka nje.

Matokeo: kukata kumeisha nikiwa barabarani. Nikipaki nikazima injini nikasikiliza kwa sauti kubwa bado inakata, sio kama mwanzo lakini inakata. Besi imerudi, naweza kusema iko katikati sasa na mwimbaji naye yuko mbele yangu, ila sio ile ya zamani. Mluzi upo palepale.

#27 BintiFyuzi
Nilisema mimi. Kinyume.

#28 Kidizeli
Nilisema mimi. Erthi.

#29 Kabatini
Besi "sio ile ya zamani", bado zamu yangu haijafika.

#30 Fundi_Waya
Kukata ukiwa umezima injini ni volti. Betri nzima iliyojaa injini imezimwa ni 12.6, ikifika 12.0 imebaki robo. Sasa toa na kile kinachopotea njiani, waya wa redio kwenye magari hayo ni mwembamba, umetoka kwenye betri ukapita swichi ya ufunguo yenye vikontakti vilivyochakaa, sanduku la fyuzi lenye ukungu wa kijani, mpaka ufike kwenye redio kimebaki nini? Pima kwenye plagi ya redio, sio kwenye betri, tena redio ikiwa inapiga kwa sauti kubwa. Ukiona kwenye betri 12.4 na kwenye plagi 11 na kitu, vuta waya wa njano mpya kutoka betri. Fyuzi iwe karibu na betri kabisa, isizidi nusu mita, sio ndani ya kebini. Fyuzi inalinda waya, sio redio. Waya ukichubuka kwenye ukuta wa injini kabla ya fyuzi hakuna kitu cha kuuzima. Na hapo unapopitisha ukuta weka kizibo cha mpira.

#31 Soketi
Naongezea, usiunganishe njano na nyekundu pamoja kwenye betri eti upunguze kazi. Watu wanafanya ili redio iwake bila ufunguo. Ikiwa imelala inatakiwa ivute miliampea chache tu, ukiunganisha hivyo haijui gari limezimwa, unasahau inaendelea kuvuta. Ikivuta ampea moja tu, betri ya ampea-saa 60 inakwisha kwa siku mbili na nusu, na dizeli ya zamani haianzi kwa betri iliyochoka.

#32 Kidizeli
Volti ndogo inawezekana, lakini na mimi nasema chipu ilishaumia siku zile inagusa bodi, sasa inajikinga mapema kuliko inavyotakiwa. Nimeona redio za namna hiyo zinaishi hivyo miaka.

#33 Fundi_Waya
Apime kwanza ndo tuzike chipu.

#34 NusuVolti
Mluzi sasa. Wakati unausikia, muziki unatoka wapi? Flashi, Bluetooth, au waya wa AUX kutoka kwenye simu? Na simu ilikuwa inachajiwa kwenye tundu la kiberiti cha gari?

#35 Mwangahafifu
Huo mluzi ni plagi za moto, badilisha plagi uweke zenye R, yaani zenye kipingamizi ndani, na nyaya zake, unaisha.

#36 Kidizeli
@Mwangahafifu dizeli, mkuu. Plagi za moto hazipo. Kwenye petroli ungekuwa sahihi, tena ingekuwa kama tik tik tik inayoongezeka kasi hasa kwenye AM. Mluzi laini unaopanda na mafuta ni altaneta.

#37 ChumaChakavu
@NusuVolti ni AUX na simu inachajiwa, ndiyo. Nimejaribu kuchomoa chaja mluzi ukaisha kama umekatwa na kisu. Kwa Bluetooth upo kidogo sana, lazima upunguze muziki ndo uusikie. Kuna jamaa kaniambia ninunue kile kidude cha kuweka katikati ya waya wa AUX.

#38 NusuVolti
Hapo umejijibu. Simu ina erthi mbili, moja kupitia chaja na nyingine kupitia waya wa AUX, na kati ya tundu la kiberiti na redio kuna tofauti ndogo ya volti inayocheza na altaneta. Tofauti hiyo inapita kwenye waya wa muziki. Kile kidude ndani kina vitransfoma vidogo vinavyotenganisha, mluzi unaisha kweli, lakini vile vya bei chee vinakula besi, transfoma ndogo haiwezi kubeba sauti za chini. Wewe unayelia na besi usikiweke. Tumia Bluetooth au flashi.

Huo unaobaki kwenye Bluetooth ndo wa kutafuta. Erthi ya redio imefungwa wapi?

#39 Fundi_Waya
Huo unaobaki ni dayodi ya altaneta, ile inayogeuza umeme wake wa AC kuwa wa DC. Weka mita kwenye volti za AC, pima kwenye vichwa vya betri injini ikiwaka na taa zimewashwa. Ikizidi nusu volti dayodi moja imekwenda.

#40 NusuVolti
Mbona unakimbilia altaneta, mtu hajasafisha hata erthi. Waya wa nyeusi kwenye skrubu ya dashibodi yenye rangi na kutu sio erthi. Akwangue bati hadi ling'ae, aweke kichwa cha waya na bolti, asikilize. Ni bure.

#41 Fundi_Waya
Na kupima AC ni bure vilevile.

#42 Mpitanjia
Nimepima, 25.3. Asante Kidizeli, kumbe.

#43 Mwangahafifu
Sasa mimi langu. Gari limetoka Japani na redio yake, ukipita 90 hakuna stesheni, nyingi siwezi kuzipata. Antena mpya?

#44 Soketi
Antena haina kosa. FM ya Japani ilianza 76 mpaka 90, kwingineko kwingi ni 87.5 mpaka 108. Redio yako inaishia pale wengine ndo kwanza wanaanza. Kuna kipachiko kinachomekwa kati ya antena na redio kinashusha masafa, ila namba kwenye kioo zitakuwa za uongo na stesheni mbili zinaweza kupandana. Kama huna mapenzi na redio hiyo badilisha tu. Na ukishabadilisha angalia menyu ya eneo, ukiacha ya Marekani inaruka hatua za 0.2 na baadhi ya stesheni utazipita juu kwa juu.

Halafu na chaja za kiberiti za bei rahisi zinafukuza FM, chomoa uone.

#45 MzeeKaseti
Mnaobadilisha hizo redio msizitupe. Nyingine zinaweza kuwekwa saketi ndogo ya Bluetooth ndani, unaingilia pale sauti ya kaseti inapofika kwenye kitufe cha sauti, unabaki na uso uleule, taa ileile ya kijani na saketi yake ya besi. Kwa zenye kaseti inayofanya kazi hata huchomelei, kuna kaseti yenye waya wa kuchomeka kwenye simu. Redio ya gari isionekane kama runinga.

#46 DogoLaSabufa
Mzee kaseti ilishazikwa.

#47 MzeeKaseti
Dogo, Lexus SC 430 ya mwaka 2010 ilitoka kiwandani bado ina kaseti. Philips walianza nayo 1963. Hesabu mwenyewe imeishi miaka mingapi halafu uniambie Bluetooth yako itafika.

#48 Kabatini
ChumaChakavu kabla hujaenda mbali, menyu ya sauti ina kitu kimeandikwa HPF, yaani kizuizi cha sauti zilizo chini ya hezi unazochagua. Kikiwa 100 au 120 redio yenyewe inakata besi kabla haijafika kwenye spika, wameweka hivyo kwa watu wenye sabufa. Kiwe OFF, au kwa spika za mlango weka 50 au 60.

#49 ChumaChakavu
HPF ilikuwa 80. Nimeweka OFF. Imebadilika tena, sasa besi ipo lakini mlango wa kulia unatetemeka kwenye nyimbo fulani, kushoto hautetemeki.

#50 Kabatini
😁😁 Karibu. Toa kadibodi ya kulia, angalia fimbo ya kitasa kama inagonga bati, ifunge sponji. Halafu ile shiti niliyosema.

#51 MzeeKaseti
Rudisha na vile vispika vya dashibodi kwenye waya za nyuma, sauti ndogo tu, kioo kifanye kazi yake.

#52 BintiFyuzi
Ukifanya hivyo vipime navyo kwa betri ya saa.

#53 Kidizeli
Na usitumie waya za zamani.

#54 Fundi_Waya
Volti kwenye plagi bado hatujaziona hapa.

#55 TairiBovu
Ni Datsun. Ya mjomba.